Tezi ya Mate Katika Sikio la Kushoto

Alhamisi. Iyunga ina ukungu tangu asubuhi na mimi nina hasira tangu jana. Ukungu utaondoka.

Jana daktari alinipa majibu ya kile kinyama walichokata sikioni mwangu kwenda kupima. Si saratani. Ni tezi ya mate. Alikaa upande wangu wa kulia akanieleza polepole kwamba nilipokuwa bado tumboni mwa mama, nyama iliyotakiwa kwenda mdomoni ilipotea njia, ikaishia nyuma ya ngoma ya sikio. Imekaa humo miaka yote bila kuniuma, inaziba tu sauti. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona kwa mgonjwa.

Hawataitoa. Imeng'ang'ania mshipa wa fahamu wa uso, wakiing'oa naweza kubaki na mdomo uliopinda. Sikio litabaki hivi hivi.

Nililia pale pale, na daktari akadhani nalilia sikio. Nilikuwa nalilia jina langu.

Tangu niolewe, Kilolo nzima inajua mke wa Festo ana kiburi. Mama mkwe ndiye aliyewaambia. Siku zangu za mwanzo ukweni nilikuwa nimeinamia ungo nachambua maharage, akaniita kutoka kushoto. Akaita tena. Mke akiitwa na mkwewe anasema "abee" na kuinuka. Mimi niliendelea na maharage yangu, tena eti nikiimba. Nikimweleza kwamba sikio moja halisikii, ananijibu, "Mbona ukiitwa kula unasikia?" Na wageni anawaambia, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Nimevumilia hayo mpaka jana.

Jioni Festo alimpigia mama yake, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza yote. Nikakaa nasubiri neno moja tu, pole. Badala yake akasema:

"Tezi ya mate? Sikioni? Haya. Kumbe ndiyo maana anatutemea."

Festo alicheka. Alijikaza, lakini alicheka. Na yeye nimemweka rohoni.

Nataka mama mkwe aaibike. Nasema wazi, nimechoka kuwa mkwe mwema. Mchungaji anatuhimiza kusamehe, na nitasamehe, ila si kabla ya Jumapili.

Maana Jumamosi ni kipaimara cha mtoto wa wifi yangu, huko huko Kilolo. Ukoo wote utakuwepo. Festo, kwa kujikosha, ameshawaandikia habari zote kwenye grupu la familia, hata sikio lenyewe ni la upande gani. Mawifi wametuma pole. Mama mkwe naye amesoma.

Nitavaa kitenge kipya. Nitapiga magoti niseme "Shikamoo mama" mpaka waliopo jikoni wasikie. Kisha nitamvutia kiti akae karibu nami.

Ataniita tu, hawezi kuniona nimekaa asinitume. Ataita mbele ya mashemeji na mawifi, ataita tena kwa ukali, na mimi nitaendelea na pilau yangu. Safari hii watu hawatanitazama mimi.

Wala sitajifanya. Hapo ndipo penye utamu. Kweli sitasikia.

Karibu, mama. Kiti chako ni hiki cha kushoto.