Sura Iliyoshonwa

Isebania

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi za maktaba, karatasi iko gotini, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimeanza kunywa. Goti lako likoje? Kaka Mwakio ameniambia umerudi kwenye shamba la bondeni ingawa daktari alikukataza, na kwamba ulipoulizwa ulisema unatembea tu, jembe umelishika kwa bahati. Mimi ni mzima. Mvua ya huku inanyesha kila alasiri, na viatu ulivyonipa vimeota ukungu, lakini mwili hauna neno.

Sikupiga simu kwa sababu nina swali, na wewe swali la kwenye simu hulijibu kwa kuniuliza kama nimekula. Unalikumbuka lile kabati la vitabu la darasani kwako pale Voi? Kitabu kikiwa na kurasa ulizoona hazitufai, hukukichoma wala hukukificha nyumbani. Ulizishona zile kurasa kwa uzi mweusi, ukingo kwa ukingo, kisha ukakirudisha kabatini mahali pake. Kila mtoto wa darasa la saba alijua vitabu vyenye uzi ni vipi. Nimekaa na jambo hili wiki tatu sasa nikijiuliza, ulikuwa unatuzuia au ulikuwa unatuonyesha? Usijibu bado. Soma kwanza yaliyotokea.

Unajua kwamba kabla ya kuja huku nilikaa Mbita, ziwani, nikifungua maktaba pamoja na Auma, yule mwenzangu wa Rangwe aliyekutumia samaki wakavu ukasema wana harufu ya kanisa. Kule tulipanga vitabu kwa stika. Kijani ni vya watoto, njano ni vya miaka kumi na tatu hadi kumi na tano, nyekundu ni vya kumi na sita na kuendelea, maana humo kuna mapenzi, kuna kifo, kuna mambo ambayo mtu mzima huyasema kwa kushusha sauti. Hakuna aliyejali. Mtoto wa Mbita ukimwambia nyekundu ni ya miaka kumi na sita anakwambia anayo, na huku jino la mbele bado halijaota. Tukasema mpango ni mzuri, na tulipohamishiwa huku kwa Wakuria tulikuja na stika zetu kwenye katoni.

Wiki ya kwanza tu, kijana mmoja wa kidato cha kwanza anayeitwa Mwita alirudisha kitabu cha njano kabla hajafika nacho getini.

"Madam, hii rangi siwezi beba nayo kwa barabara."

Nikamuuliza ana miaka mingapi. Akasema kumi na nne.

"Basi hicho ndicho chako."

"Lakini mimi ni mwanaume, madam. Nilitahiriwa mwaka jana. Hiyo ni ya vijana wadogo."

Alisema kwa heshima zote, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kiliko. Auma alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka sana, kwa sababu siku hiyo hiyo nilimwona Boke. Boke yuko kidato cha pili, ana miaka kumi na sita kamili, na tangu tufungue mlango alikuwa amesoma karibu kila kitu cha kijani. Vitabu vya sungura na fisi, Mama. Nikamwambia aende kwenye rafu nyekundu, umri wake umefika. Hakuinua macho.

"Wamesema nisiguse."

"Nani?"

"Wasichana wa darasa yetu. Hiyo rangi ni ya wale wamepita."

Kupita ndiko kukeketwa. Serikali imekataza, chifu anazunguka na kipaza sauti, na bado Desemba, msimu wenyewe, ikikaribia kila mtu hapa anajua nyumba ipi imetengeneza pombe na nyumba ipi ina ndugu ng'ambo ya mpaka wa kupelekewa wasichana. Msichana ambaye hajapita wana neno lao la kumwita, silo la kuandikiwa mama. Kwa neno hilo, mwenye miaka kumi na tatu aliyepita ni mkubwa, na Boke na miaka yake kumi na sita ni mtoto. Rafu zangu zilikuwa zimewapa watoto wenzake njia mpya ya kumkumbusha.

"Nyaminwa," Auma aliniambia jioni, maana yake dada kwa lugha yao, "sisi tulikuja na calendar. Hawa watu hawakui na calendar. Na hata kwetu ni juzi tu. Bibi yangu pale Rangwe alitolewa meno sita ya chini, na hiyo siku ndiyo akakuwa mkubwa. Hakuna mtu aliuliza amezaliwa lini."

"Na wewe ulikua lini?"

Akafikiri. "Nilidhani ni siku nilipata kitambulisho. Lakini nikifika nyumbani nacho, mama akanituma maji."

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kila mtu. Fundi wa baiskeli, mwalimu mkuu, padri. Kila mmoja ana jibu lake na hakuna aliyetaja idadi ya miaka. Wewe najua utasema mimi bado.

Sasa sikiliza. Kwenye rafu nyekundu kulikuwa na riwaya moja ya vijana ambayo sura yake ya saba ni dada mkubwa anayemweleza mdogo wake, bila kuzunguka, alichofanyiwa msimu wake ulipofika, na jinsi alivyokaribia kufa alipokuja kujifungua. Hakuna neno chafu hata moja. Lakini nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekibandika nyekundu. Nilifikiri namlinda mtoto. Kumbe kwa hesabu ya hapa, walioruhusiwa kuisoma sura ile walikuwa ni wale ambao tayari yamewafika, na yule anayeihitaji alikuwa upande wa pili wa chumba na sungura wake.

Kabla sijajua la kufanya, kamati ya wazazi iliitisha kikao. Mwenyekiti ni Mzee Marwa. Usimfikirie vibaya. Ndiye anayemlipia Boke karo tangu baba yake, ambaye alikuwa mdogo wake Mzee Marwa, alipofariki. Anapenda gazeti, anapenda mzaha, na ndiye aliyetupigia misumari ya rafu kwa mkono wake. Lakini jambo la Desemba kwa Boke lilikuwa mikononi mwake pia, na alikwisha kusema msichana wa marehemu mdogo wake hatakaa mwaka mwingine akichekwa.

Aliweka kitabu mezani. "Madam, hii sura ya saba itolewe. Hii inafundisha watoto kukimbia."

"Ni kitabu cha wakubwa, Mzee. Kina nyekundu."

"Wewe unasema kubwa ni kumi na sita. Sisi tunajua wengine wako na kumi na sita na ni watoto. Watashika. Toa."

Wazazi wengine wakaitikia. Mama mmoja Msabato alisema hata yeye hapendi mambo ya kujifungua yaandikwe wazi hivyo. Mtu akatoa kisu kidogo mfukoni, na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nikawaambia mama yangu ni mwalimu, na kwake kitabu hakichanwi, ila kurasa zisizofaa hushonwa. Wakanitazama. Mzee Marwa akaanza kucheka. Alisema hilo ni jambo la akili, kitabu ni mali, kichanwe kwa nini. Nikaleta sindano na uzi mwekundu nikaishona sura yote mbele yao, na yeye mwenyewe akavuta fundo kuona kama limekaza.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alibandua ile stika.

"Sasa ubaya umefungwa," akasema. "Hii imebaki ya kila mtu. Weka pale watoto wanafikia."

Nikaweka pale watoto wanapofikia, Mama. Nilitii neno kwa neno.

Boke alikuja Ijumaa, siku ya soko, wenzake wakiwa hawapo. Alikigeuza kitabu, akapitisha kidole kwenye uzi. Akaniuliza kilichoshonwa ni rangi gani. Nikamwambia mwenyekiti amesema hakina rangi. Akakiazima. Sikumwambia asikate uzi, na sikumwambia akate. Nilijifanya napanga kadi. Usiku ule sikulala vizuri, maana niliogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba hatasoma, na kwamba atasoma halafu Mzee Marwa aulize kitabu kiko wapi.

Kilikaa siku nyingi. Wakati huo ngoma zilianza kusikika upande wa mlimani, wavulana wanapitishwa barabarani na nyimbo, na darasani kwa Boke viti vya wasichana vilianza kubaki vitupu. Nilimwendea chifu kumweleza wasiwasi wangu. Akasema anajua, na kwamba akifika mlangoni watu huwa wamekwisha kuvuka mpaka.

Kitabu kilirudishwa na Boke mwenyewe, mapema, kabla sijafungua madirisha. Alikiweka mezani akakimbilia shule. Uzi wangu mwekundu haukuwepo. Sura ya saba ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa gunia, ule mnene wa rangi ya udongo, kwa mishono mirefu ya kupishana iliyokaza sawasawa, na kwenye pembe mbili kulikuwa na masikio madogo, kama gunia la mahindi linavyofungwa sokoni ili mbebaji apate pa kushika. Nilicheka peke yangu, halafu nikajikuta nalia. Hapa Isebania kila mtu anajua mkono huo ni wa nani. Mama yake Boke ndiye hufunga magunia kwenye ghala la nafaka, na hakuna anayefunga masikio kama yeye.

Alikuja saa za mchana, vumbi la mahindi liko kwenye nyusi. Hakuwahi kuingia maktaba. Alisimama mlangoni mpaka Auma akamletea kiti, na hata hapo alikaa pembeni mwa kiti.

"Boke alinisomea," akasema. "Mimi kusoma kwangu ni polepole. Tulisoma siku tatu. Nikamwambia rudia, akarudia."

Nikamwambia asante kwa kushona vizuri.

"Hiyo yako ilikuwa mbaya," akasema. "Ingefunguka yenyewe."

Kisha akamgeukia Auma. Alitaka kujua kama ni kweli kwao ni Rangwe, na kama Rangwe hawafanyi hii kitu, na kama mama yake Auma anaweza kukaa na msichana anayejua kuchota maji na kupika mpaka shule zifunguliwe. Auma akasema nyumba ipo, kitanda kipo, na mama yake hupenda mtu wa kumsomea Biblia kwa sauti. Mama Boke akauliza tena, polepole, ili asikosee. Nikamuuliza, na Mzee Marwa je? Akafuta nyusi kwa kanga.

"Yeye ni mkubwa wangu. Atakasirika. Atakaa na hasira yake na mimi nitakaa nayo."

Alipoinuka kuondoka alikiona kitabu mezani. Akauliza, kabla hawajatoa ile karatasi nyekundu, ilikuwa imeandikwa ni cha umri gani.

"Miaka kumi na sita," nikamwambia.

Alikishika kwa lile sikio moja, akakipima uzito kidogo.

"Mngeandika kumi na mbili," akasema. "Kingenikuta."

Akaenda zake kwenye magunia.

Boke yuko Rangwe sasa. Auma alimpeleka mwenyewe alfajiri, na jana Auma alipiga simu kusema mama yake amemsomesha Boke Biblia mpaka koo likauka, na kwamba msichana anaomba vitabu vyovyote isipokuwa vya sungura. Mzee Marwa hanisalimu. Hupita hapa na gazeti lake akiangalia ng'ambo ya barabara, na Mama Boke anaonekana kazini kama kawaida, ingawa wanawake wawili wamehama meza yake wakati wa chai. Naogopa kwa ajili yake. Sijui Januari itakuwaje Boke akirudi darasani, na sitaki kukudanganya kwamba najua. Stika zote nimebandua, na sasa Mwita analalamika kwamba hajui kitabu kipi ni cha wanaume.

Nisalimie Mwakio na mkewe, na umwambie mtoto wao picha ya ng'ombe nimeipokea na nimeibandika ukutani. Shangazi wa duka la mkaa mwambie dawa ya kifua inauzwa hata huku, asihangaike kutuma. Mjomba fundi redio mpe pole ya mguu, na mzee wa kanisa anayeuliza nitaolewa lini mwambie barua imekatikia hapo.

Kitabu chenyewe nimekifunga pamoja na barua hii. Ukikifungua anzia kwenye sikio la kushoto, uzi utatoka wote bila mkasi. Soma sura ya saba, halafu ulijibu swali langu. Na kama jibu ni lile ninalolidhani, kishone tena kwa ule uzi wako mweusi, unirudishie kabla ya Januari. Kuna msichana mmoja wa darasa la sita ambaye ameanza kukiulizia.

Mwanao,
Wakesho