Kurasa Kumi na Sita za Haidrojeni

Eldoreti, 14 Januari 1992

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, na mama alipokuja kunitazama bwenini alikuwa mzima pia. Vipi mgongo wako?

Nimekasirika tangu muhula ufunguliwe. Kitabu cha kemia ya kwanta ni kimoja tu, na mhadhiri amekifungia ofisini mwake. Darasani anajaza ubao kwa alama hii, ψ, kama uma wa meno matatu, halafu anafuta kabla hatujanakili. Nikimuuliza maana yake ananiambia nitatue mlinganyo. Nikifeli somo hili naondolewa kemia. Nifanyeje?

Mwanao,
Nakhisa

Kamwokya, Kampala, 2 Februari 1992

Mama yangu Nakhisa, uliyebeba jina la aliyenizaa,

Salamu nyingi. Mgongo unauma, lakini bado nashona vitabu.

Mungu hamtupi mja wake. Chuo kimoja cha hapa kimetuletea karakanani vitabu tuvijalidi. Vingi vimekaa bila majalada tangu vita. Katika kimoja niliona alama yako. Kiingereza chake kilinishinda, lakini nilifunua mpaka pale ilipojaa zaidi, nikakata uzi, nikatoa mkunjo mzima wa kurasa kumi na sita, kisha nikashona zilizobaki zikakaza. Hakuna atakayejua. Nimezitia pamoja na barua hii. Soma, ufaulu.

Baba yako,
Cleopas

Eldoreti, 19 Februari 1992

Baba,

Salamu. Afya nitakuuliza siku nyingine.

Nilizisoma kabla ya kukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba elektroni haizunguki kiini kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Inakwenda kama wimbi, na mraba wa ψ hutuambia ni wapi yaelekea tutaikuta. Atomi mbili za haidrojeni zikikaribiana, mawimbi yao hujumlishana katikati, ndipo zinaposhikana. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikageuza ukurasa, nikaona mhuri wa maktaba.

Kuna mtoto wa mtu huko Kampala anayezitafuta kurasa hizi. Na hata wizi wenyewe hukuumaliza. Wewe unahesabu mikunjo, lakini mwandishi hakuandika kwa mikunjo. Zimeanza katikati ya sentensi, zikakatika katikati ya mlinganyo. Mimi nina kipande, wao wana kipande, na sura nzima hana mtu. Nimezinakili kwa mkono, nakurudishia. Zishone.

Binti yako

Kamwokya, 8 Machi 1992

Nakhisa,

Kwetu mtoto hamwiti baba yake mwizi. Sindano imenitoboa vidole miaka yote hii ili usome, leo umekuwa hakimu wangu.

Tena umechelewa. Chuo kimeliona pengo. Tajiri mwenye karakana amemfukuza Alum, msichana ninayeshona naye, kwa sababu yeye ndiye aliyefungasha vitabu. Alilia sana. Mimi nilinyamaza. Ningesema, karo yako ingetoka wapi? Badala ya kunitukana ungeshukuru.

Baba yako

Eldoreti, 15 Machi 1992

Baba,

Sishukuru. Karo inayotoka kwenye machozi ya Alum siitaki. Mtihani ni tarehe sita Aprili. Ukiwa bado umenyamaza siku hiyo, siingii, na kemia basi. Sikutishi. Ukaidi huu nimeurithi kwako, unaujua.

Binti yako

Kamwokya, 28 Machi 1992

Mama yangu,

Mimi si mzima, usiniulize.

Nilimpelekea tajiri zile kurasa. Akaniambia, "Mzee, mimi nilifikiri wewe mtu ya Mungu. Toka." Nikaenda Kawempe kwa kina Alum. Mama yake hakunipa hata kigoda, nikaomba radhi nimesimama. Alum amerudi kazini, na kurasa amezishona yeye, maana mimi sikuruhusiwa tena kukigusa kitabu. Siku hizi nabeba matofali Naguru kwa mgongo huu huu.

Ulisema kweli, na nimekukasirikia kwa kuwa ulisema kweli. Mzazi kufundishwa na mtoto si jambo tamu.

Ingia kwenye mtihani. Ukifeli baada ya haya yote, usije kunisalimu. Ukifaulu, usiniandikie upesi. Niache kwanza nimalize kukasirika.

Baba yako