Santuri ya Kumi na Moja

Jumapili, 3 Mei 2015. Malaz, Riyadh.

Alasiri imeswaliwa. Mzee ameketi. Nimepangusa santuri ya tisa, nimeiweka, nimeshusha sindano. Kazi hii imekuwa yangu tangu mikono yake ianze kutetemeka. Kwenye ikama, kibali changu cha kukaa nchini, nimeandikwa dereva. Hii ya sindano haijaandikwa popote.

Ni muziki wa dansi wa Texas, wa zamani, kabla hata baba yangu hajazaliwa. Mzee aliununua hukohuko akiwa kijana, alipopelekwa kusomea mambo ya mafuta. Santuri ishirini, nzito, wimbo mmoja kila upande. Anasikiliza moja kwa siku, kwa kufuata namba. Ijumaa hasikilizi. Haruki hata moja. Ukimwambia aruke anakuangalia kama umemwambia ale kwa mkono wa kushoto.

Mwaka wa kwanza niliuchukia. Nyumbani Ol Kalou baba alitulea na kantri ya Jumapili, ile ya polepole, gitaa la chuma likilia kama kuna matanga. Hili la mzee halilii. Linacheka, linachokoza fidla, linakimbia. Nilidhani ni mzaha. Sasa ni mwaka wa tatu, na nikikosa siku moja nakasirikia kila mtu barabarani.

Leo Nasir, mwana wa mzee na kafili wangu aliyenidhamini kuingia nchini, amesema mzee anahamia Jeddah kwa binti yake. Moyo si mzuri, hafai kukaa peke yake. Mzee atapanda ndege. Mimi nitapeleka gari na santuri. Huyo binti, madam wa kule, ana dereva wake. Kwa hiyo baada ya wiki mbili Nasir atakuja amuulize mzee kama bado ananihitaji. Akisema hapana, narudi huku kuendesha lori la samani la Nasir.

Sitaki lori. Nataka kubaki na mzee.

Jumanne, 5 Mei

Namba kumi na moja. Hii ndiyo yetu.

Gitaa la chuma linaanza peke yake. Hakuna ngoma, hakuna besi. Mpigaji amelilaza mapajani na anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Sauti inapanda pole, inasita karibu na kufika, kisha inafikia kwa pembeni, pale ambapo hukuitarajia. Halafu nyuzi tatu zinashuka pamoja kama watu wanaoshuka ngazi wameshikana mikono. Ndipo bendi nzima inaingia. Sekunde ishirini hivi. Mzee hufumba macho kwa hizo ishirini tu. Baada ya hapo anayafungua na kuanza kunifundisha. Sikia fidla mbili. Sikia gitaa linavyomjibu mwimbaji kabla hajamaliza neno.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikia. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii aliyenifundisha kitu bila kunifokea. Saa hiyo moja mimi si dereva wa mtu.

Alhamisi, 7 Mei. Nimefika Jeddah.

Nimechoka na nina wasiwasi.

Nilitoka Riyadh alfajiri, sanduku la santuri kiti cha nyuma, limefunikwa shuka. Amri ya mzee ilikuwa moja: hewa baridi ya gari isizimwe. Sikuizima kilomita mia tano. Adhuhuri nikaingia kituo cha mafuta, tangi linakaribia kukauka. Ndiyo kwanza wanafunga kwa swala. Mafi, hakuna, akasema yule wa pampu, akaenda zake. Nikazima injini, nisije nikaishiwa kabisa. Nikakaa kivulini nyuma ya choo. Nilisema dakika ishirini. Nikasinzia. Nilipoamka pampu ilikuwa imefunguliwa zamani na saa nzima imepita.

Ndani ya gari ilikuwa tanuri. Usukani haushikiki.

Ningelitoa sanduku tu. Nilikuwa na mikono miwili na kivuli kilikuwa palepale.

Kutoka hapo nimeendesha bila kusimama tena. Nimezunguka kwa ile njia yetu sisi wasio Waislamu, isiyopita Makka. Sanduku sijalifungua. Naogopa.

Ijumaa, 8 Mei. Aziziya, Jeddah.

Nimefungua. Kumi na tisa ziko sawa, zilikuwa zimesimama wima zimebanana. Kumi na moja niliilaza juu ya nyingine kwa sababu ndiyo tuliyopenda. Imepinda ukingo mmoja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango.

Nimeirudisha sandukuni. Mzee ameniuliza kama zote zimefika salama. Nimesema alhamdulillahi.

Nimemdanganya mzee, na jina la Mungu nimelitia humo.

Jumatatu, 11 Mei

Namba tatu. Mzee alianza upya Jumamosi kutoka namba moja, nyumba mpya, hesabu mpya. Nimehesabu siku. Kumi na moja itaangukia Jumatano ya wiki ijayo, tarehe ishirini.

Leo gitaa lilipiga vizuri sana na sikulisikia. Mzee aliniuliza swali kuhusu mpigaji nikajibu ovyo. Akanitazama.

Nimeutafuta ule wimbo kwenye simu. Upo, jina lilelile, lakini si bendi ileile. Gitaa linaingia pamoja na fidla, kwa haraka, halina subira. Mtu asiyejua angesema ni huohuo. Miaka mitatu iliyopita na mimi ningesema hivyo.

Alhamisi, 14 Mei

Mwanaisha, dada anayefanya kazi za ndani hapa, mtu wa Likoni, amenikuta nimeishika ile santuri ukumbini. Akauliza kama watu wa bara siku hizi wanatembea na sahani zao za wali. Nikamwambia yote. Hakucheka tena. Akasema, "Kaka Josefu, mwambie mzee leo, kabla hajajua mwenyewe." Nikamwambia nitasema. Sikusema.

Badala yake nimempigia baba. Alikuwa na santuri zake kabla ya kuziuza. Akasema zilizopinda walizinyoosha kwa vioo viwili na jua. Unailaza katikati, unaweka uzito, unaiacha jua la asubuhi liilainishe, kisha unaihamishia kivulini ipoe hukohuko ndani ya vioo. Jua la asubuhi, alisema mara mbili. La adhuhuri hapana.

Nimefurahi kama nimesamehewa. Juu ya paa, wanakoanika nguo, kuna friji mbovu. Rafu zake ni za kioo.

Jumamosi, 16 Mei

Saa moja na nusu asubuhi nilipanda paani. Kioo, santuri, kioo, mtungi wa maji juu. Nilipanga niishushe saa tatu.

Saa mbili madam akaita. Yalla, haraka, mzee apelekwe kliniki, dereva mwingine amekwenda na watoto. Nilidhani ni kwenda na kurudi. Daktari alichelewa, kisha duka la dawa, kisha foleni. Nikiwa nimekaa pale, mzee akinisimulia kumbi za dansi za Texas, nilikuwa naangalia saa ya ukutani na kutokwa jasho ndani ya hewa baridi. Ningeweza kumwambia palepale. Tulikuwa wawili tu.

Tulirudi saa saba. Nilikimbia ngazi. Kioo kiliniunguza vidole.

Imenyooka. Imelala kama meza. Lakini ukingo unang'aa vibaya, mistari imelainika imeshikana. Mistari ya mwanzo, pale sindano inapoanzia.

Jumapili, 17 Mei

Mzee akiwa amelala mchana nimeijaribu kwa sauti ndogo. Pale ambapo gitaa linaanza kuna mkwaruzo tu, kama mtu anakaanga vitunguu. Sekunde ishirini za vitunguu. Kisha bendi inaingia, safi kabisa, na wimbo unaenda hadi mwisho bila kosa.

Ilivyokuwa imepinda huenda ingerukaruka, lakini mistari ilikuwepo. Gari liliikunja tu. Aliyeiua ni mimi, juu ya paa, kwa kuficha.

Nimeikasirikia nafsi yangu.

Jumanne, 19 Mei

Namba kumi leo. Kesho ndiyo.

Nasir anakuja Alhamisi kumuuliza mzee. Shetani wangu ana akili, ananiambia: nyamaza, iweke, ikikwaruza shangaa pamoja naye. Santuri ni za zamani, zinaharibika. Mzee hatajua. Atasema ni uzee wa santuri, Alhamisi atasema Josefu abaki, na nitabaki.

Na nitaketi naye kila alasiri, nikimsikia akinifundisha kusikiliza.

Jumatano, 20 Mei

Nimesema.

Nilikuwa nimeshaiweka, sindano iko hewani. Mzee akafumba macho. Hapo ndipo nilishindwa. Nikarudisha mkono wa sindano mahali pake, nikaketi chini kwenye zulia, nikamwambia. Kituo cha mafuta, usingizi, alhamdulillahi ya uongo, vioo, kliniki. Kiarabu changu kilikatika njiani nikamalizia kwa Kiingereza. Yeye Kiingereza chake ni cha Texas, alielewa kila kitu.

Aliuliza swali moja tu. Ni njia iliyoiharibu au ni paa?

Nikasema ni paa.

Akasema ya njiani ingekuwa bahati mbaya. Kisha akasema halas, basi, toka.

Hakusikiliza kitu leo. Mlango wake umefungwa. Mwanaisha ameingiza chai akatoka nayo haijaguswa. Ameniambia nimefanya vyema. Sijisikii vyema. Najisikia kama mtu aliyemulikwa taa usoni.

Alhamisi, 21 Mei

Nasir alikuja, aliingia kwa baba yake, akatoka baada ya dakika tano. Mzee amesema dereva hamhitaji. Narudi Riyadh kesho na basi.

Sikubishana. Siwezi kusema nimeonewa.

Nilikwenda kumuaga. Alikuwa ameketi palepale, sanduku miguuni. Nikamwomba msamaha kwa Kiarabu, kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi ili yasikatike. Akaitikia salamu. Akaniambia niendeshe polepole. Ndiyo tu. Miaka mitatu, halafu niendeshe polepole.

Nililia ngazini. Mwanaisha alinipa mkate wa kumimina umefungwa kwenye karatasi, akageuka ukutani nisione aibu.

Jumapili, 31 Mei. Riyadh.

Lori. Vitanda, makabati, sofa ambazo hazipiti mlangoni. Mgongo unauma. Nalala chumba kimoja na wenzangu wanne, wote watu wa maana, na wote wanapenda gospeli kwa sauti ya juu.

Nimeweka kantri kwenye simu. Gitaa linalia mwanzo mpaka mwisho, halinyamazi hata mwimbaji apumue. Zamani nilidhani huo ndio utamu wake. Nimezima. Mzee ameniharibia muziki wa baba yangu.

Alasiri ikiisha najikuta nahesabu. Kule leo ni namba ishirini.

Jumanne, 9 Juni

Mwanaisha ametuma ujumbe wa sauti. Mzee hajambo, amekonda kidogo. Amemfundisha yeye sindano. Anasema mzee humwambia sikia, sikia, naye hasikii chochote ila kelele za harusi ya wazungu.

Nimeona wivu mbaya sana. Sikumjibu mpaka jioni.

Jumamosi, 13 Juni

Kumi na moja leo. Nilijua tangu nilipoamka.

Saa kumi nilikuwa nimeegesha lori Batha, nyuma ya duka la magodoro, nangoja mwenye mzigo afungue baada ya swala. Simu ya Mwanaisha ikaita. Akasema, "Kaka, kuna mtu anakutaka," akampa.

Mzee hakuuliza habari zangu. Akasema sindano wataishusha pale bendi inapoingia, Mwanaisha ametia alama mahali hapo. Lakini yeye mwenyewe hawezi kuanzia hapo. Amejaribu tangu asubuhi kuukumbuka ule mwanzo na unamponyoka katikati, pale sauti inaposita. Akaniuliza kama ninao.

Nikamwambia ninao.

Nikapandisha vioo vya lori. Nikaanza kuuimba kwa mdomo uliofungwa, pole, juu kidogo, nikasita pale inaposita, nikafikia kwa pembeni. Penye nyuzi tatu mtu mmoja hawezi, nikachukua ile ya juu. Mpakiaji wa magodoro alinitazama kupitia kioo, nikamwacha atazame. Nilijua kule Jeddah mzee amefumba macho.

Mwanaisha alichelewa kidogo kushusha sindano, kisha fidla mbili zikaingia. Tulisikiliza hadi mwisho, mimi Batha, yeye Aziziya. Mara moja tu akasema sikia, gitaa lilipomjibu mwimbaji. Nikasema nasikia, Baba.

Wimbo ulipoisha alikata simu. Mwenye magodoro alikuwa ameshafungua, tukaanza kupakia.