Unyoya wa Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote, hujambo? Wifi hajambo, na watoto hawajambo? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa mazishi umepoa, au bado unabeba magunia kama vile hapo ghalani hakuna vijana? Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima kwa kumtazama: anakula akiwekewa, anajibu akiulizwa, na kutwa anashinda kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, kana kwamba baba ametoka kidogo tu. Jirani yetu seremala anakusalimu sana, anasema umekuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Nimechelewa kukuandikia, usininunie. Kila nilipokaa niliona utasema mdogo wako kachanganyikiwa. Lakini leo nitasema yote, maana nimechoka kuyabeba peke yangu.

Unakumbuka baba alianguka akiwa katikati ya kazi ya klabu ya shabaha. Uliiona mwenyewe ile mishale kumi na miwili mezani, kila mmoja una manyoya mawili na wa tatu haujabandikwa. Tuliifunika kwa kitambaa, nawe ukarudi kazini. Kocha wa klabu alingoja kiungwana, kisha akaja, akakaa, akapiga chafya kwa vumbi la manyoya, akasema kwa upole kwamba mashindano yamekaribia. Kama sitaweza, alisema, hatakuwa na kinyongo nami, ila itabidi atafute fundi mwingine. Nikamwambia nitaweza. Kwani tangu nimalize shule nimekuwa wapi kama si kwenye meza ile? Wewe ulikimbia harufu ya gundi mapema. Mimi ilinikaa hadi kwenye nywele.

Na unajua baba alivyokuwa na gundi. Uti wa mshale unapigwa msasa laini mpaka ung'ao utoke, unapanguswa kwa spiriti, na baada ya hapo ole wako uuguse kwa kidole, maana jasho la mkono ndilo adui wa kwanza. Gundi inapakwa mstari mwembamba kama uzi. Unyoya unashikwa kwenye kibanio na kushushwa mara moja tu, hausogezwi tena. Mwisho unatia tone dogo mbele na tone dogo nyuma, ncha zisije zikainuka. Gundi ikichuruzika pembeni, baba anaubandua na kukurudishia bila neno. Siku niliyochanganya manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto kwenye mshale mmoja, alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nikiolewa nitakwenda kwa mume na viatu viwili vya mguu mmoja. Lakini kunisifu, hakuwahi. Kazi yangu ikiwa nzuri alisema niitie kwenye boksi, basi.

Kwa hiyo nilipoikalia ile mishale yake nilikuwa kama mtahiniwa. Kwanza niliisafisha kidogo, kisha nikabandika unyoya wa tatu, ule mwekundu, kwenye mishale yote. Nikaiacha ikauke, nikaenda sokoni. Niliporudi, manyoya mekundu yote yalikuwa yamelala mezani, kila mmoja kando ya mshale wake, yamenyooka. Hakuna uliochanika. Uti ulikuwa safi, hata alama ya gundi sikuiona.

Nikajilaumu, nikasema nimeshika kwa vidole vyenye mafuta. Nikarudia. Nilipokwenda kuoga na kula, yakabanduka tena. Seremala alikuja akainusa gundi, akatoa hukumu kwamba imekufa, nikanunua mpya. Hiyo mpya nayo ikawa vilevile. Ndipo nikatazama vizuri nikaona jambo lililonitoa jasho: manyoya ya baba yameshika kama meno, hayatikisiki. Ni yangu tu yanayokataa.

Shangazi alipopita nikamsimulia nusunusu. Akasema mtu akifa na kazi mkononi huwa hatulii, na akaondoka bila hata kumaliza chai. Toka hapo nikaanza kuona mengine. Kigoda cha baba nilikiacha chini ya meza, nakikuta dirishani, pale pale alipopenda kukaa apate mwanga. Kitambaa chake kinanuka spiriti wakati mimi sikukigusa. Ukiingia ghafla unahisi kabisa kuna mtu ameinuka sasa hivi. Kaka, usinicheke: nilianza kubisha hodi kwenye karakana yangu mwenyewe. Nikawa nakaa na kumuuliza, baba, kosa langu ni nini? Mstari wangu si mwembamba? Nilikuwa naogopa, lakini zaidi niliumia. Miaka yote ile nimekaa ubavuni mwake, kumbe ameingia kaburini bila kunikubali, na sasa anatoka huko kuja kunibandua. Usingizi ulipotea, hata chakula nikawa nakiangalia tu.

Jumatano mchana, baada ya kuyabandika tena, nikakata shauri. Nikamwambia mama nakwenda kwa kocha, nimwombe radhi na kumwambia atafute fundi mwingine, kisha nifunge karakana. Nilipofika njia panda mvua ikaanza, nikarudi kuchukua mwavuli. Mlango wa karakana ulikuwa umeegeshwa. Kwa haraka niliyokuwa nayo sikubisha.

Alikuwa mama. Amekaa kwenye kigoda cha baba, dirishani, wembe mkononi, anapitisha ncha chini ya unyoya mwekundu taratibu kama mtu anayemenya yai. Ukitoka, anaulaza kando, anafuta uti kwa kitambaa cha spiriti, anachukua mwingine. Hakushtuka hata kidogo. Wewe na mimi tulisahau kwamba kabla hatujazaliwa, aliyekuwa akibandua makosa ya baba ni yeye.

Sijawahi kumpandishia mama sauti maishani mwangu, lakini siku ile nilipiga kelele mpaka seremala akazima mashine yake. Nilimwambia nilikaribia kuwa mwendawazimu. Nilimwambia nilidhani baba ananikataa. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akanishika mkono, akanivuta dole gumba, akaliweka kwenye mshale mmoja, nyuma ya unyoya wa baba, akaniambia nipapase polepole.

Palikuwa na donge la gundi, baya, limechuruzika hadi ubavuni. Na ndani ya donge hilo, kaka, kulikuwa na mistari ya kidole.

Mama akasema miezi ile ya mwisho mkono wa baba ulikuwa unatetemeka. Tone lilimshinda, likawa linamwagika, naye akawa analigandamiza kwa dole gumba lisienee, kisha anageuka ukutani analia kwa aibu. Alimwapisha mama asiniambie mimi. Mama akamuuliza, sasa binti akiona? Baba akajibu kwamba binti akiona ataisafisha, na hakuna atakayejua, kwa sababu mkono wa binti umeshampita baba yake.

Hivyo ndivyo alivyosema. Mama alirudia mara mbili nilipomwomba.

Sasa nikuambie jambo lenyewe lililonifanya niandike. Nimekueleza hapo juu kwamba kabla ya kubandika niliisafisha kidogo ile mishale. Kila niliporudia kazi, niliona madonge yale, nikaona aibu kwa niaba yake kwamba kocha atayaona, nikachukua wembe nikayakwangua, mishale kadhaa kila mara, mpaka ikawa laini. Mama alitaka alama zile zibaki nyumbani. Kusema hakuweza kwa sababu ya kiapo, na mishale ikikamilika ingeondoka. Basi akawa anabandua unyoya wangu ili kazi isiishe, bila kujua kwamba kila nikianza upya ndipo ninapokwangua zaidi. Nilidhani baba ananifuta, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namfuta, na kwa mkono ule ule aliousifu. Tulipapasa yote kumi na miwili, mama na mimi, mmoja baada ya mwingine. Laini, laini, laini. Imebaki miwili tu yenye alama.

Kocha nimempa kumi, nikaongeza miwili yangu mipya, akaridhika. Katika ile miwili ya baba, mmoja mama analala nao. Wa pili unao wewe sasa, umo ndani ya bomba la karatasi nililolifunga na barua hii. Una manyoya mawili tu, hautaruka sawa, usijaribu. Tafadhali usiupanguse na wifi asiuweke juani.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu. Mama anauliza utakuja lini, nami nauliza pia. Na ukiutoa huo mshale, weka dole gumba lako juu ya alama ya baba. Mimi langu nimelijaribu, ni dogo, halienei. Mama anasema lako litaenea.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba