Gongo la Vipande Vitatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimemaliza gongo la kriketi la kipande kimoja cha mti, kwa mikono yangu hii, na hakuna fundi aliye hai wa kunifikia.

Haya basi. Kipande kimoja si kweli. Ni vitatu. Na fundi wa kunifikia labda yupo, ila simjui na sina mpango wa kumtafuta.

Ilivyokuwa ni hivi. Kwenye stoo ya klabu ya mjukuu wangu kulikuwa na magongo matatu yaliyokufa. Moja limepasuka ncha, moja limeoza ubavu, la tatu mtu alilipiga chini kwa hasira alipotolewa mchezoni. Wakaniambia nichukue, nifanye kuni. Kuni! Mti ule mweupe, mwepesi, umekuja na meli kutoka ng'ambo, halafu mimi nichemshie chai? Nikatoa katika kila maiti kipande kizima. Nikavipiga randa mpaka vikakaliana bila kupitisha unywele. Gundi. Jiriwa. Siku tatu, na juu yake pasi mbili za binti yangu kuongeza uzito. Bado anazitafuta.

Mjukuu alipokuja kulichukua aliligeuza huku na huku. Kazi yake ni kusaga vioo vya miwani kwenye duka la daktari wa macho, jicho lake linaona vumbi kabla halijatua. Hakuona kitu. Akauliza, "Babu, hili ni mti mmoja?"

Nikasema, "Mmoja, kama mimi na wewe."

Akacheka, akaniita mume wake mzee, akaondoka nalo begani. Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Aliniangalia kama mtu anayeangalia fundi, si kama mtu anayeangalia babu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwenye mazoezi yao. Nikajifanya napita tu, nikapita mpaka benchi ya mbele.

Sauti ya lile gongo! Tok — kama mtu anabisha hodi kwenye mlango mzito. Mpira ulikwenda mpaka uzioni na kurudi. Kocha wao, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na uso usiopenda mzaha, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tukiwa njiani mjukuu akanieleza. Jumamosi ni mechi ya mwisho ya daraja la kwanza, na watakuja wale wanaochagua wachezaji wa timu kubwa. Mwaka jana walimwacha. Walisema mkono mzuri, ila anachelewa kupiga. Alichelewa kwa sababu gongo lilikuwa la kuazima, zito kama mguu wa kitanda. Sasa ana miaka ishirini na sita. Anasema mwaka huu wasipomchukua atagawa viatu vyake. Alisema huku anatabasamu, lakini hakuwa anatania. Mimi natania tangu nizaliwe, najua tofauti.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Shida.

Kuna tangazo ukutani pale klabu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nililifuatilia kupitia dirishani, kwa hiyo nasoma kwa kidole. Kidole kikafika mstari wa tatu kikagoma. Magongo yote yatakaguliwa kabla ya mechi ya Jumamosi. Daraja la kwanza, ubapa, yaani pale pa kupigia mpira, uwe kipande kimoja cha mti. Ya mbao zilizobandikwa kwa gundi ni ya watoto na madaraja ya chini.

Nikamwuliza kocha, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, hivi mchezaji akikutwa nalo inakuwaje? Akasema gongo linawekwa pembeni na mchezaji anaandikiwa ripoti. Na wale wa timu kubwa wanazisoma ripoti? Akasema ndicho kitu cha kwanza wanachosoma.

Inaniudhi! Mpini wa gongo umeungwa kwa gundi, tena vipande kibao. Halafu mpini wenyewe umechomekwa kwenye ubapa kwa gundi. Kwa hiyo kiunoni gundi ni halali, kifuani ni haramu. Aliyeandika hajawahi kushika randa. Kiungo kilichofungwa vizuri kinaushinda mti mzima kwa nguvu, hilo hata fundi mlevi analijua.

Mkaguzi ni mwamuzi mwenyewe, tunamwita Bwana Milimita. Alistaafu ofisi ya vipimo na mizani, lakini mizani haijastaafu ndani yake. Ukimpa mkono anaupima.

Nikapita dukani kwa mjukuu nimwambie. Alikuwa na mteja. Nikasubiri. Mteja akatoka. Nikanunua kamba ya kuning'iniza miwani shingoni. Sivai miwani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wachezaji wawili wa timu yake wamekuja kuagiza magongo. Mjukuu amewatangazia wote: babu yangu, kipande kimoja, tazameni mistari ya mti ilivyonyooka. Nikawaambia mti umekwisha. Angalau hilo ni kweli.

Binti yangu amezipata pasi zake. Zina gundi. Amenisema mpaka jirani akafunga dirisha. Kisha akauliza mbona leo simjibu, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nimepanga patasi zangu kuanzia kubwa. Halafu nimezipanga kuanzia ndogo. Halafu nimeziacha.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Asubuhi mjukuu aliliacha gongo, akaniomba nilipake mafuta. Alipotoka tu nikaona njia. Livunjike! Likivunjika hakuna ukaguzi, hakuna ripoti, kila mtu ananipa pole.

Nikalibana kwenye jiriwa. Nikashika nyundo ya mbao. Nikapiga palepale kwenye kiungo. Tok. Nikapiga tena. Tok. La tatu nikapiga na nguvu za ujana wangu wote zilizobaki. Nyundo ikapasuka.

Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Nikacheka mpaka haikuwa kicheko tena.

Msumeno ulikuwa ukutani, hatua tatu. Sikuuchukua. Nikajiambia namhurumia mjukuu. Uongo mwingine huo. Nilikihurumia kiungo. Sijawahi kufunga kingine kama kile, na kwa umri huu sitafunga tena.

Jioni alipokuja nikajikaza. Nikamwambia kuna kitu kuhusu lile gongo. Akasema anajua. Eti mama yake amekisia: lazima nimetumia ule ubao nilioutunza miaka yote kwa ajili ya jeneza langu, ndiyo maana wiki nzima sina raha. Akasema hatasahau mpaka anaingia kaburini yeye.

Nikasema usijali, nitazikwa kwenye kabati.

Akacheka sana. Nimelipaka mafuta mara tatu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Uwanjani. Naandikia gotini, nisamehewe mwandiko.

Magongo yamelazwa mezani kama wagonjwa. Bwana Milimita ana kile kibao chake chenye tundu: gongo likipenya, unene ni sawa. Letu limepenya kama mkono kwenye shati. Mjukuu akanikonyeza kutoka mbali. Wale wa timu kubwa wako watatu, kivulini, madaftari magotini. Nikaanza kupumua.

Kisha Bwana Milimita akalipindua, akatazama ncha.

Ncha nilikuwa nimeivika kifuniko cha mpira, kama magongo yote. Nyundo ya jana haikuweza kiungo, lakini mpira umelegea ubavu. Mimi mwenyewe! Akaubenjua kwa ukucha, akainamisha kichwa. Pale chini mti unaonyesha umri wake, mistari kama ya kiganja. Na pale pana miti mitatu, umri tofauti, mistari haijuani. Uso niliuficha, ubavu nikauficha. Nyayo je?

Akamwuliza mjukuu kitu. Sikusikia swali. Jibu nimelisikia, uwanja mzima umelisikia:

"Ni mti mmoja. Muulizeni babu yangu, yule pale."

Na akanyoosha mkono kwangu bila wasiwasi wowote. Sijawahi kuonyeshwa kidole kwa heshima hivyo.

Sasa Bwana Milimita anakuja, gongo kwapani. Anakuja taratibu, magoti yake na tumbo lake havipatani. Mjukuu amebaki mezani, anafunga kinga za miguu. Kitabu cha ripoti bado kiko mfukoni mwa mwamuzi, nakiona kimechomoza.

Ana deni langu, huyu. Mwaka juzi kwenye harusi ya binti yake, kiti nilichomtengenezea kilimvunjikia mbele ya wakwe. Kiti hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kilo zake. Nikasimama nikawaambia wageni kwamba kazi yangu ilikuwa mbovu. Baadaye akanishika mkono pembeni, akasema siku yoyote mzee mwenzangu, uniombe jambo dogo.

Nusu ya uwanja amemaliza. Naandika maneno kabla hayajanikauka mdomoni:

Mzee mwenzangu, sikuombi ulipitishe. Vipande ni vitatu, nimevibandika mimi, mjukuu hajui. Nakuomba lile dogo langu tu. Inama hapa ufunge kamba za viatu. Viatu vyote viwili, polepole, mpaka nifike pale mezani nimwambie mimi, asisikie kwako kwanza.