Baba, Asiransi Wamerudisha Gari Lako

Baba,

Sikuulizi hali, maana nikiuliza nitakaa nikisubiri jibu. Nakupa habari tu. Gari lako limerudi. Liko uani sasa hivi, jeusi, linang'aa, pale pale ulipokuwa ukilifuta kwa kitambaa kila asubuhi huku Mama akikuita chai inapoa. Bado nalichukia. Bado nalipenda. Usinicheke.

Ni mabibi harusi wangapi uliowabeba humo, toka Muhuta mpaka Kigwena, ukawakataza hata kutafuna karanga wasikuchafulie viti? Na kila ukirudi ulikuwa unaniambia, "Hao wote iko mazoezi tu. Bibi harusi mwenyewe iko wewe." Basi ulipoondoka, jambo moja tu ndilo lililonikaa kichwani, na watu waliona nimerukwa na akili. Nilitaka gari litengenezwe, nitoke nalo nyumbani siku yangu.

Ulikuwa unarudi peke yako kutoka Kigwena. Ukamkwepa mtu wa baiskeli aliyebeba madumu ya mawese, ukagonga mchikichi. Yule wa baiskeli mwenyewe alikuja matangani akalia kutushinda sisi. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Sasa sikia watu wako walivyotufanyia. Polisi walipolikokota gari mpaka nyumbani, Shabani fundi bodi alilitazama akatikisa kichwa. Hakuwa na mchele wala sukari ya kuleta. Akamwambia Mama, "Siwezi kuja kwa Muzee mikono mitupu." Akaleta nyundo zake na mafundi wenzake. Wanaume wamekaa chini ya turubai wanasoma Kurani, wao nyuma ya nyumba wananyoosha mlango, wanainua paa, wanapaka rangi. Wanawake wa mtaa wakaosha viti kwa maji ya moto. Mimi nimo ndani nasikia nyundo, nadhani wanajenga kibanda cha wageni. Hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi yao. Hawakuvumilia kitu chako kilale katika hali ile, na Mama aliwapa chai akawashukuru.

Lakini injini, taa na ile mifuko ya hewa iliyopasuka, hayo si mambo ya nyundo ya Shabani. Hayo ni ya garaji kubwa ya Bujumbura, na garaji haigusi kitu mpaka asiransi, watu wa bima yako, wakubali kulipa. Wakamtuma eksperti wao, mkaguzi wa ajali, na kamera. Akalizunguka gari, akalizunguka tena, akaniuliza, "Madamu, aksida iko wapi?"

Baba, nilitaka kumrukia shingoni. Baba yangu yuko kaburini na wewe unaniuliza ajali iko wapi! Kumbe kwao hairuhusiwi mtu kugusa gari kabla halijapigwa picha. Akasema tumefuta ushahidi wote, kwamba hata bima nzuri namna gani hailipi bati lililonyooka. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha darasani, kile ulichokuwa ukijisifu nacho msikitini. Sikumwachia nafasi ya kupumua. Shabani amesimama pembeni analia, anasema, "Musimukasirikie mutoto, iko mimi nimefanya."

Mwishowe yule bwana alilegea. Akasema, basi nionyesheni. Shabani akapita na kiganja chake juu ya bati, kila mahali palipokuwa pamebonyea. Hapa liliingia hivi. Hapa lilikunjika. Na mimi niliambiwa nikae kwenye kiti chako, niinamie usukani kama watu walivyokukuta. Nikakaa. Harufu ya mafuta yako ya ndevu ilikuwa bado iko, maji ya moto yote yale hayakuitoa. Wakanipiga picha mimi nikiwa wewe.

Kisha akauliza kama ulikuwa umefunga mkanda. Nilijua jibu. Mkanda ulikuwa unakukunja kanzu, na kila nikikukumbusha ulikuwa unasema, "Unanifunga kama mbuzi?" Nilitamani kudanganya. Nikasema hapana. Akaandika, akaniambia kwa upande wa gari haibadilishi kitu. Kwa upande wa gari, Baba.

Wakakubali. Gari likaenda Bujumbura, nami ndiye niliyekwenda kulichukua. Nilipopita Muhuta kengele ikaanza kulia, na taa ndogo nyekundu ikawaka mbele yangu. Abiria hajafunga mkanda. Nikatazama kiti cha pembeni. Kitupu. Hata mkoba wangu nilikuwa nimeutupa nyuma. Nikasimama kando ya ziwa, nikakipapasa kile kiti kwa mikono miwili. Nikaondoka, kengele ikaondoka nami. Niliogopa, kisha nikaanza kuongea. Nilikusimulia harusi yote mpaka hapa Rumonge, na nikakutukana kidogo, unajua kwa nini.

Nilimpigia eksperti simu. Akasema ni kifaa tu kilichomo ndani ya kiti, nilirudishe gari, asiransi watalipa hicho nacho, kengele itanyamaza. Labda. Mama hakai tena mbele. Anaingia nyuma, na kabla ya kufunga mlango anatoa salamu.

Ndoa ni Jumamosi. Wakwe wametuma mtu kwa adabu zote, eti tutafute gari lingine, "ile iko na mutu ndani." Dereva tuliyemwita aliendesha mpaka sokoni, akasikia kengele, akarudi kumpa Mama ufunguo bila kunywa hata maji. Kaka yako ameleta gari lake. Wote wanasema afadhali lako lipelekwe garaji kwanza, au libaki uani.

Silipeleki, na halibaki. Nitatoka mlangoni na shela langu, nitapita mbele ya wakwe wote, nitafungua mlango wa dereva. Acha waseme. Sijawahi kuona bibi harusi wa Rumonge anayejiendesha, wataniona mimi.

Mungu akupanulie mahali ulipo, Baba. Jumamosi vaa kanzu nyeupe. Kengele ikilia nitanyoosha mkono, nitauvuta mkanda wako, nitakufunga mwenyewe. Kanzu na ikunjike.

Binti yako,
Zaituni