Rejeta Mpya ya Lori la Baba

Jumatatu, 3 Machi
Lita sita za maji asubuhi, lita nne mchana. Kutoka Saboti hadi Kitale tu, na lori la marehemu baba limechemka mara mbili. Rejeta yake ya shaba ina viraka kumi na kimoja vya lehemu. Nimevihesabu. Kaka yangu Wafula amepata mnunuzi wa vyuma chakavu. Sharti la Wafula: Jumamosi nimpelekee mama mbolea yake kule Bungoma bila lori kuchemka. Likichemka, linauzwa. Nimekubali. Nimekasirika pia.

Jumanne, 4 Machi
Rejeta ya alumini imefika kutoka Nairobi. Nyepesi ajabu. Nimeibeba kwa mkono mmoja. Haikutengenezewa lori hili, ila nilipima mara tatu kabla ya kuagiza. Mashimo ya boliti yamepishana na ya fremu kwa upana wa kidole. Nimetoboa mengine kwenye fremu. Alumini sikuigusa.

Jumatano, 5 Machi
Imeingia. Feni inazunguka bila kugusa, nafasi ya vidole viwili. Nimekaza boliti kwa nguvu zangu zote, kama baba alivyonifundisha kukaza ile ya shaba. Injini imenguruma nusu saa, mshale wa joto umetulia katikati. Wafula alipita. "Dada, hapa limesimama. Ngoja lione barabara." Nilimpuuza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelijaribu hadi Saboti, tupu. Barabara ya mawe. Kurudi, matone chini ya boneti. Mshono wa kona umepasuka, hapo hapo kwenye boliti. Kosa ni langu, niliikaza mno. Shaba ilivumilia kutikiswa pamoja na fremu, alumini haivumilii. Mzee Barasa, fundi wetu wa lehemu, aliishika akacheka. "Hii sufuria yako, mama, mimi siwezi. Lehemu yangu haishiki hapa. Ati ulitaka nyepesi, si umepata!" Amenielekeza kwa mtu anayechomelea alumini kwa gesi. Nimeona aibu. Wafula sikumwambia. Amejua tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mshono umechomelewa. Nimejaza maji, nimesubiri saa nzima: kavu. Nimekata tairi kuukuu, mpira ule wa kutengenezea viatu vya akala, vipande vinane. Viwili kwa kila boliti, mbele na nyuma. Nimekaza hadi mpira ubane kidogo, nikaacha. Mkono ulitaka kuendelea. Niliuzuia. Sasa rejeta inacheza kidogo ukiisukuma. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 8 Machi
Magunia arobaini. Wafula kando yangu, macho kwenye mshale. Kilima cha Kamukuywa, gia ya pili, jua la saa saba. Mshale ukapita katikati, ukazidi kupanda. "Dada, simama bana, utaua injini!" Haukuwa umefika kwenye nyekundu. Sikusimama. Juu ya kilima ukarudi mahali pake. Misikhu. Webuye. Bungoma. Sikuongeza hata kikombe cha maji. Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Jumapili, 9 Machi
Manyunyu alfajiri. Tulilala kwa mama, naye anafurahia mbolea yake. Baada ya kanisa wageni walikuja, na Wafula akawafungulia boneti. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi. Mmoja aliuliza ni fundi gani wa Kitale aliyeifunga rejeta ile.

"Dada yangu," Wafula akajibu. "Na haliuzwi."

Nikaendelea kusonga ugali.